Pasi ya Kutazama Ziwa

Karani wa pasi pale Embu alikuwa na fomu yenye nafasi ya sababu ya safari, na kwa miaka yote aliyokalia kile kiti alikuwa amejaza sababu nne tu: ugonjwa, matanga, kazi, na wito wa serikali. Mwalimu Ngari alipomwambia kwamba anakwenda kutazama, karani alingoja amalizie. Mwalimu hakuwa na la kumalizia.

"Kutazama nani?"

"Ziwa. Ziwa Nkunga, kule Meru."

"Uko na mtu huko kwa ziwa?"

"Sina mtu. Nataka kuliona tu."

Karani aliweka kalamu chini, akamkagua kuanzia kofia hadi viatu. "Mwalimu, kwani huko kwenu Ishiara hakuna maji?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu ya kusafiri kwa raha wakati wa Hali ya Hatari, ile amri ya wakoloni ya kuzima vita vya msituni. Wazungu walipita na kamera shingoni, wakaenda kuona ndovu na theluji ya mlima, na hakuna aliyewauliza kama wana mgonjwa huko juu. Lakini Mwembu akisema anakwenda kuona mahali pazuri, basi huyo ana jambo. Ilikuwa Agosti 1957. Vita vya msituni vilikuwa vimekwisha nguvu, ila pasi zilikuwa na nguvu zilezile, na mtu aliyekutwa nje ya njia yake alipakiwa kwenye lori akapelekwa kambini, kisha maswali yakafuata baadaye, pengine baada ya mwaka mzima.

Ngari alijua hayo yote. Alikuwa mtu mwoga, na hakuona haya kukiri. Lakini kwa miaka tisa alikuwa akifundisha jiografia, akichora milima na maziwa kwa chaki ubaoni, mpaka muhula uliopita msichana mmoja wa darasa la sita akainua mkono na kuuliza kwa adabu, "Mwalimu, wewe umeona hata moja?" Ngari alikohoa, akafuta ubao. Jioni alimsimulia mkewe, Kawira, akitegemea kuhurumiwa. Kawira alikuwa mtu wa Meru, amezaliwa karibu kabisa na hilo Nkunga, na badala ya kumhurumia alicheka mpaka akashika tumbo, ambalo lilikuwa na mimba ya miezi saba.

"Nenda basi ukalione," alisema. "Mimi nimechunga ng'ombe pale. Wewe unalichora kama sahani."

Basi mwalimu akasimama kwa yule karani saa nzima bila kutetereka, mpaka karani akachoka, akaandika neno *kutazama*, akagonga muhuri. Chini akaongeza masharti kwa wino mwekundu: siku tatu, ziwani kuanzia saa mbili hadi saa sita mchana, asiache barabara.

"Hiyo ya mwisho ndiyo kubwa," alisema. "Ukiacha barabara, mimi sikujui."

Ngari aliahidi. Ilionekana ahadi nyepesi, maana nani aache barabara bila sababu?

Kawira alimfungia mzigo mdogo: pojo za huko kwao Mbeere, na kibuyu cha asali. Vilikuwa vya kumpelekea mama yake Kawira, Mukiri, mjane aliyeishi katika kijiji kimoja cha lazima chini ya msitu, vile vijiji ambavyo serikali iliwakusanyia watu na kuvizungushia handaki. Ngari hakutakiwa kumpa kwa mkono wake. Alitakiwa auache mzigo kwa jirani, aondoke mbiombio. Kwao mkwe na mama mkwe hawaonani hivihivi. Hawali pamoja, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja huacha njia, akajificha mpaka mwenzake apite. Mambo hayo hulegezwa siku mkwe anapopeleka mbuzi fulani, mbuzi wa kufungua macho kama walivyomwita wao. Lakini Ngari alioa mwaka 1950, na kabla hajajipanga Hali ya Hatari ikaingia, na mbuzi hapewi pasi. Kwa hiyo miaka saba ilipita, na huyo mama alimjua kwa mgongo na kwa picha ya harusi tu.

Safari ilimpendeza kuliko alivyotarajia. Basi lilivuka mto Thuci likaingia nchi ya Meru, likapanda na kuteremka mabonde mpaka abiria wengine wakatapika, naye alikaa dirishani akitazama kila kitu kama mtu aliyelipia. Karibu na Nkubu alimwomba utingo amwonyeshe mahali ikweta inapopita, ile aliyoichora mara mia. Utingo alinyoosha kidole. "Ni hapo," akasema. "Tumepita." Palikuwa na mgomba na mbuzi mmoja amefungwa kamba. Ngari aliona haya kwa furaha aliyoisikia, akaandika katika daftari lake: *ikweta, mgomba.*

Alilala Meru mjini kwa mwalimu mwenzake. Asubuhi akapanda barabara ya msituni kwa miguu, mzigo begani, ukungu umeshuka mpaka vichwani mwa miti. Kwenye kizuizi cha kwanza askari walisoma pasi yake mara mbili, wakaitana kuja kuisoma. Saa tatu alifika kwenye ukingo, pale barabara inapokaribia ziwa, na mbele yake hakukuwa na kitu ila weupe. Akakaa juu ya jiwe, akiwa ameghadhabika na hali ya hewa kama mtu aliyetapeliwa.

Kisha ukungu ukainuka. Haukuinuka wote, uliinuka upande mmoja, na ziwa likawa pale chini, limezama katikati ya msitu, kijani iliyokolea, na upande wa pili matete na ndege weupe wakitembea juu ya majani yaliyoelea. Hata nyati walikuwapo, watatu, wamesimama majini hadi magotini bila haraka. Watu wa Kawira walisema ndani mwa maji hayo huishi joka lenye rangi za upinde wa mvua. Ngari alikuwa Mkristo na mwalimu wa jiografia, lakini kwa muda huo hakuwa tayari kubishana na mtu. Machozi yalimtoka. Alifurahi hakuna wa kumwona, akatoa daftari akachora: ziwa, matete, msitu, barabara aliyojia, handaki la serikali ukingoni mwa msitu, njia za nyati. Alichora vizuri, kwa sababu ndiyo kazi yake, na akatia alama ya kaskazini.

Saa tano alianza kuteremka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Barabara ilikuwa imekata kona, upande wa juu msitu na handaki lenye vigingi vya mianzi iliyochongwa, upande wa chini mteremko wa mashamba yaliyoachwa. Mwanamke mmoja alitokea konani, mbele ya kundi la wenzake waliokuwa bado hawaonekani, kamba ya kuni ikining'inia mkononi. Alitembea kwa kutupa bega la kushoto mbele. Ngari alimjua mtu mmoja tu duniani mwenye mwendo huo, naye alikuwa amemwacha Ishiara na mimba ya miezi saba. Huyu basi alikuwa mama yake.

Kama angefikiri, angesimama. Angegeuka tu akatazama mti. Lakini mambo ya namna hiyo mtu hayafikirii. Amelelewa nayo, na miguu inajua kabla ya kichwa. Ngari aliruka kando, akapita kwenye majani marefu, akachutama ukingoni mwa handaki, mgongo barabarani na kofia usoni. Alijisikia mtu mwenye adabu zake. Ndipo aliposikia filimbi.

Wanawake wale walikuwa wakisindikizwa na homgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, kwenda kukata kuni, na mkubwa wao, aliyeitwa Marete, alikuwa ametokea konani wakati uleule akaona mtu akiiacha barabara kwa kuruka na kukimbilia msituni. Walimtoa kwa bunduki mbili. Wakafungua mzigo: chakula. Wakafungua daftari: ramani ya msitu, na njia zake, na handaki, na kaskazini iko wapi.

"Pasi," alisema Marete. Akaisoma polepole. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi za masharubu na koti refu la jeshi. "Asiache barabara," alisoma. "Mwalimu, hapa umesimama ni barabara?"

"Nilimpisha mama mkwe."

"Yuko wapi?"

Ngari aligeuka. Barabara ilikuwa tupu. Mukiri naye alikuwa mtu mwenye adabu zake. Alipomwona mkwe wake alijifunika kichwa kwa leso, akateremkia mashambani, na kwa kuwa hakutaka kumwaibisha zaidi, akakata njia ya chini moja kwa moja mpaka kijijini. Yule mtu mmoja aliyeweza kumwokoa alikuwa amemkimbia kwa heshima.

Walimpeleka kwenye kituo chao, kando ya lango la kijiji. Alifikiria lori. Alifikiria Kawira akijifungua bila yeye, na barua moja kwa mwezi, na jina lake likifutwa kwenye orodha ya walimu. Yote kwa ajili ya kutaka kuona maji. Alijilaani, akamlaani na yule msichana wa darasa la sita, kisha akamwondolea laana kwa kuwa hakuwa na kosa.

Marete alimkalisha kwenye kigogo, akaweka daftari na kibuyu cha asali mezani. "Saa kumi afisa anakuja na gari," alisema. "Nikimpa hii maneno yako, atacheka, halafu atakubeba. Yeye hajui hii mambo ya wakwe. Mimi najua. Lakini kujua si kuamini. Hata mtu wa msitu anaweza kusema mama mkwe. Anaitwa nani?"

Ngari alifungua mdomo, akaufunga.

"Nauliza jina."

"Mama yake Kawira."

"Kawira hapa ni wengi kama kuku."

"Siwezi kulitaja, mzee. Wewe unajua siwezi."

Ilikuwa mara ya kwanza masharubu ya Marete kucheza. Alimsukumia penseli na kipande cha karatasi. Ngari aliishika ile penseli kitambo. Kuandika si kutamka, alijiambia. Hata hivyo mkono ulikuwa mzito kama unaandika tusi. Aliandika haraka herufi sita, akaigeuza karatasi kifudifudi, akaifuta mikono yake kwenye suruali. Marete aliisoma.

"Huyu namjua," alisema. "Amenigombeza mara nyingi. Sasa sikia. Nikimwita nimuulize kama wewe ni mkwe wake, atasema ndiyo hata kama hakujui, kwa sababu hakuna mama hapa anapenda kuona mtu akipanda hiyo lori. Hiyo ndiyo yake basi itanisaidia nini? Kwa hivyo sitamuuliza kitu."

Nje ya kituo palikuwa na benchi ambapo watu walingojea kugongewa pasi. Wanaume wanne walikuwa wamekaa, mgongo kwenye njia. Marete alimkalisha Ngari katikati yao, akamvika koti lake refu, akamwamuru asigeuke mpaka aambiwe. Kisha akamtuma homgadi mmoja amwite Mukiri, kwamba kuna maneno kuhusu kuni.

Alisikika kabla hajafika. Alikuja akilalamika kwamba kuni za leo zimepotea kwa filimbi za watu wasio na kazi, na kama Marete anataka kumdai kitu kingine basi aje amchukue yeye mwenyewe amfanye kuni za kupikia. Ngari alisikiliza ndani ya lile koti. Sauti ilikuwa ya Kawira, ila yenye miaka zaidi.

"Muga, mama," Marete alimsalimu. "Ngoja kidogo hapo. Nyinyi wa benchi, geukeni nihesabu."

Wanaume watano wakageuka.

Mukiri alipitisha macho kwa wa kwanza, kwa wa pili, na alipofika kwa wa tatu maneno yalikatika. Hakuuliza, hakupepesa. Leso ilipanda kichwani ikafunika uso, mwili mzima ukageuka, na kwa kuwa upande ule hapakuwa na njia, aliingia moja kwa moja katika bustani ya kituo, akavunja ua wa matete, akapita katikati ya mistari mitatu ya maharage, mpaka akasimama nyuma ya mti wa mringa, mgongo kwao. Na Ngari, ambaye maisha yake yalikuwa yakipimwa dakika ile, ambaye alitakiwa akae tu atulie, alikuwa tayari amechutama nyuma ya pipa la maji na lile koti kichwani.

Ua uliovunjwa ulikuwa bado unatikisika. Kisha homgadi mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikamwambukiza wa pili, mpaka wale wanaume wanne waliokuja kutafuta mihuri wakawa wanafuta machozi.

"Mama," Marete aliita, akijitahidi kubaki mkubwa wa kituo. "Hayo ni maharage yangu."

"Yatamea mengine," ilijibu sauti nyuma ya mti. "Kwa nini umemwekea mtu wa watu mtego? Huna mkwe wewe?"

"Ninaye. Ndiyo maana sitaandika chochote." Akamwendea Ngari pale nyuma ya pipa, akamvua koti. "Toka, mwalimu. Hakuna mtu anafundishwa kukimbia namna hiyo. Hiyo ni ya kuzaliwa nayo."

Ngari alikaa chini palepale kwenye tope la pipa. Raha iliyomwingia ilikuwa kubwa kuliko ile ya ziwani. Alivuta pumzi, akavuta nyingine. Angezaliwa mtoto naye akiwapo. Alitaka kumshukuru Marete, akaishia kumwambia kwamba maharage yake yamepandwa kwa mistari mizuri.

Lakini daftari lilikuwa bado mezani. Marete alilichukua, akalitazama kwa kusikitika. "Hii siwezi kuacha iende. Ramani ni ramani. Nitachoma."

"Nini hiyo?" Mukiri aliuliza kutoka kwenye mti wake.

"Picha. Mkwe wako alikwenda kuchora Nkunga."

"Alikuwa na kazi huko?"

Marete alimtazama Ngari. Ngari alitikisa kichwa. "Hakuwa na kazi," Marete alimjibu. "Anasema alikwenda kutazama."

"Kutazama tu?"

"Tu."

Mukiri alipozungumza tena ukali ulikuwa umemtoka. "Muulize liko namna gani. Tangu mtulete hapa sijaliona. Kuni tunakata huku chini. Kule juu hamtupeleki. Nilikuwa nanywesha ng'ombe pale na huyo Kawira mgongoni. Muulize kama maji yamepungua."

Ngari alimjibu Marete, kama ilivyopasa, ingawa kila neno lilisikika hadi kwenye mti. "Mwambie hayajapungua. Mwambie matete yako upande wa jua kuchwa, na ndege weupe, na nyati watatu."

"Watatu tu?" ilisema leso.

Marete alisimama katikati na daftari lake, akatazama upande mmoja, akatazama upande mwingine. Kisha akaukunja ule ukurasa, akaupitisha ukucha kwenye mkunjo, akachana. Barabara, handaki na alama ya kaskazini vilibaki mkononi mwake; akavitia kwenye moto wa chai. Kipande kilichobaki kilikuwa maji, matete na nyati. Alikipeleka kupitia maharage yaliyolala, akakinyoosha nyuma ya mti bila kuchungulia, na mkono ukatoka ukakipokea, kisha ukapokea na mzigo wa Kawira, asali na pojo.

Ngari alitazama kwingine. Lakini alisikia mama wa watu akivuta kamasi, akajua analia, naye akalia kidogo mara ya pili siku hiyo.

"Mwambie," Mukiri alisema mwishowe, "asali nimepokea. Pojo nimepokea. Karatasi sirudishi. Na mwambie alete huyo mbuzi. Mimi sasa ni mzee, miguu haina nguvu ya kuruka nyua kila nikiona kofia. Nataka nikae chini aniambie hilo ziwa vizuri, uso kwa uso."

"Amesikia," alisema Marete.

"Najua amesikia. Lakini mwambie."

Marete akamwambia.

Kawira alipokea habari hizo Ishiara akiwa amekaa mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji. Alicheka palepale pa maharage, akasimuliwa upya, akacheka tena. Masimulizi yalipofika penye karatasi, akaweka mkono juu ya goti la mumewe asiuondoe. "Kwa hiyo umemwona mama," alisema.

"Nimeona mgongo wake."

Mtoto alizaliwa Oktoba, msichana, wakamwita Mukiri kwa jina la bibi yake, na ndani ya wiki moja Ngari alikuwa ameona taabu mpya, kwamba ameshindwa kumwita binti yake. Akamwita Mama. Mwezi wa Desemba, shule zilipofungwa, alirudi Embu kwa yule karani. Mbuzi alikuwa amemfunga nje, kwenye mti wa ofisi.

Karani alimkumbuka. Alichovya kalamu, akaweka ncha kwenye nafasi ya sababu. "Usiniambie," alisema. "Kutazama."

"Kutazama."

"Ziwa lilelile?"

"Hapana," alisema Ngari. "Safari hii ni mama mkwe."